Mwongozo wa Kujenga Utamaduni wa Ubora Katika Timu ya Programu, Kuanzia Hitilafu Mliyo Nayo

Kila ninapokutana na vijana walioanzisha timu ya kutengeneza programu, maswali ni yaleyale. Tuajiri mtu wa kupima au tupime wenyewe? Tununue zana gani? Kwa nini tulianza kuandika majaribio mwezi Machi, na ilipofika Mei hakuna aliyeyakumbuka? Mwongozo huu unayajibu kwa hatua, na umeandikwa kwa ajili ya kiongozi wa timu ya watu 3 hadi 10 ambayo tayari ina programu inayotumiwa na wateja, na ambayo imechoka kupigiwa simu usiku.

Utamaduni wa ubora ni yale ambayo timu inayafanya bila kuambiwa, Ijumaa saa kumi jioni, mteja akiwa ameshapiga simu mara tatu. Njia ninayoielekeza hapa ina wazo moja: kila hitilafu iliyomfikia mteja iache kitu cha kudumu ndani ya mfumo, kama vile jaribio, sharti la hifadhidata au skripti (faili la amri ambazo kompyuta huzitekeleza yenyewe), ili kinga isihame pamoja na mtu aliyeirekebisha.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Nilikuwa katika timu ya watu 5 iliyotengeneza mfumo wa kupokea ada za shule kwa malipo ya simu. Mzazi akilipa, mtoa huduma ya malipo huitumia seva yetu taarifa. Seva isipojibu kwa wakati, taarifa hiyohiyo hutumwa tena. Siku moja seva ilielemewa, taarifa zikaja mara mbili, na baadhi ya wanafunzi wakaonekana wamelipa mara mbili. Aliyegundua alikuwa mhasibu wa shule. Mwenzetu mmoja alifuta rekodi za ziada kwa mkono, akaongeza mistari michache ya msimbo (maandishi ya programu yenyewe), na mambo yakatulia. Baadaye alihamia kazi nyingine. Aliyerithi sehemu ile aliiandika upya, akaiondoa mistari ambayo hakuona kazi yake, na hitilafu ikarudi vilevile. Makosa yalikuwa yetu sote, kwa maana hakuna kitu chochote katika mfumo kilichomweleza mrithi huyo kwamba mistari ile ilikuwa inazuia jambo.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Hazina moja ya msimbo inayosimamiwa kwa Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko. Kama bado mnatumiana mafaili kwa WhatsApp au kwa flashi, rekebisheni hilo kwanza, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinalitegemea.
- Mazingira ya majaribio yaliyotenganishwa na mazingira halisi, yenye data za kubuni. Kunakili data za wateja kwenye kompyuta za wahandisi ni hatari, na kunaweza kuwaingiza katika mgogoro na sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.
- Daftari moja la hitilafu. Jedwali la kawaida linatosha.
- Saa 2 kila wiki zisizoguswa, pamoja na idhini ya yule anayewaahidi wateja tarehe. Bila idhini yake mtatekeleza hatua hizi kwa wizi, na kazi ya wizi huisha siku ya kwanza ya shinikizo.

Zana za gharama kubwa, vyeti na idara ya upimaji havihitajiki kwa sasa.

Hatua ya 1: Orodhesheni hitilafu 10 za mwisho zilizomfikia mteja

Kaeni pamoja na muandike, kwa kila hitilafu, nini kilitokea, nani aligundua, ilichukua saa ngapi kuirekebisha, na ni mahali gani pa mapema zaidi ambapo ingeweza kunaswa. Msiandike jina la aliyeisababisha.

Mtashangaa jinsi hitilafu zinavyojirundika sehemu chache. Kwetu sisi, mbali na malipo yaliyojirudia, kulikuwa na namba za simu zilizohifadhiwa kwa sura tatu (0712…, 255712… na +255712…), hivyo mzazi mmoja akawa watu watatu; na faili la Excel kutoka shuleni lilikuwa limemeza sifuri ya mwanzo, akapatikana mzazi wa nne. Tarehe nazo zilitusumbua. Seva ilihesabu kwa saa za UTC (saa za marejeo za kimataifa), ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3, kwa hiyo malipo yaliyofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yaliingia kwenye ripoti ya siku iliyotangulia. Mwisho wa mwezi, hesabu hazikulingana na za benki. Tulikuta pia kiasi cha fedha kimehifadhiwa kama namba ya desimali ya kompyuta, ambayo katika lugha nyingi za programu ukijumlisha 0.1 na 0.2 hupati 0.3 kamili bali 0.30000000000000004. Fedha zihifadhiwe kama namba kamili au kwa aina ya data iliyotengenezwa kwa ajili ya fedha.

Kuna jambo la kando ambalo lilitupotezea nusu siku. Mteja alisema tatizo lilitokea "saa mbili usiku", na kijana wetu akapekua kumbukumbu za seva za saa 02:00. Mteja alimaanisha 20:00. Tangu siku hiyo daftari letu la hitilafu lina safu ya saa iliyoandikwa kwa mfumo wa saa 24.

Hatua ya 2: Kubalianeni maana ya "imekamilika"

Neno hili huvunja timu nyingi. Kwa mhandisi mmoja lina maana kwamba programu inafanya kazi kwenye kompyuta yake. Kwa meneja lina maana kwamba mteja anaweza kuitumia kesho. Andikeni masharti yasiyozidi 5. Yetu yalikuwa haya: msimbo umepitiwa na mtu mwingine; una jaribio la njia ya kawaida na la angalau njia moja ya kushindwa; umejaribiwa kwa simu ya bei nafuu yenye mtandao hafifu; ujumbe wa makosa unaeleweka kwa mhasibu; na kuna njia ya kurudi kwenye toleo la awali.

Onyo: msinakili orodha ya timu nyingine. Sharti la simu ya bei nafuu lilitoka katika hitilafu zetu wenyewe, na ndiyo sababu hakuna aliyelipinga.

Hatua ya 3: Andikeni jaribio kabla ya kurekebisha hitilafu

Hapa ndipo penye kazi, na kama mtatekeleza hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii. Hitilafu ikiripotiwa, mhandisi haruhusiwi kugusa msimbo mpaka aandike jaribio linaloizalisha upya. Jaribio hilo lazima lifeli kwanza. Jaribio ambalo halijawahi kufeli halijathibitisha kwamba linapima chochote. Nimewahi kukuta jaribio lililofaulu kwa mwaka mzima kwa sababu lilikuwa linapima orodha tupu.

Kwa mfano wa ada, jaribio linatuma taarifa ya malipo yenye namba fulani ya muamala, linaituma tena ileile, kisha linahesabu: lazima kuwe na malipo 1, na jibu la mara ya pili lazima liwe la mafanikio. Sehemu hii ya mwisho husahaulika. Mkirudisha kosa mara ya pili, mtoa huduma anaweza kudhani hamjapokea na kuendelea kutuma.

Baada ya jaribio kufeli, ndipo mrekebishe. Mtego wa kawaida ni kuandika msimbo unaouliza hifadhidata "muamala huu upo?" na, kama haupo, kuuingiza. Taarifa mbili zikifika kwa wakati mmoja, zote zitauliza, zote zitajibiwa "haupo", na zote zitaingizwa. Dawa yake ni kuweka sharti la upekee kwenye safu ya namba ya muamala katika hifadhidata yenyewe, ili uingizaji wa pili ukataliwe hata kama msimbo umekosea. Aliyefuata akiiandika upya sehemu ile, jaribio litamzuia. Akilifuta jaribio, sharti litamzuia.

Onyo: msianze kufukuza asilimia ya msimbo uliofikiwa na majaribio. Asilimia 90 hupatikana kwa urahisi kwa kupima vitu visivyovunjika kamwe, huku njia ya fedha ikibaki uchi.

Hatua ya 4: Iachieni mashine kazi ya mashine

Wekeni majaribio yaendeshwe yenyewe kila mtu anapowasilisha mabadiliko, na hazina ya msimbo ikatae kuunganisha tawi (nakala ya pembeni yenye mabadiliko ya mtu) ambalo majaribio yake yamefeli. GitHub na GitLab, huduma za mtandaoni za kuhifadhi hazina za Git, zote zina uwezo huu. Mpangilio wa nafasi, nukta-mkato na majina ushughulikiwe na programu ya kupanga msimbo, ili watu wasigombane kuhusu mambo hayo.

Majaribio yote yakizidi dakika 10, watu wataanza kuyakwepa. Na jaribio kigeugeu, linalofaulu leo na kufeli kesho bila msimbo kubadilika, litengenezwe siku hiyohiyo au litolewe na kuandikwa kwenye daftari. Likiachwa, timu itazoea kubofya "rudia" hata siku ambayo kengele ni ya kweli.

Hatua ya 5: Fanyeni mapitio ya msimbo yawe mazungumzo

Mapitio ya msimbo si jambo jipya; Michael Fagan wa IBM alichapisha utaratibu wake wa ukaguzi mwaka 1976. Ugumu wake kwetu uko zaidi katika adabu kuliko katika teknolojia. Kijana aliyeajiriwa juzi akiona kosa katika msimbo wa mkubwa wake, atanyamaza, kwa sababu amelelewa asimkosoe mkubwa mbele za watu. Kumwambia "kuwa huru" hakusaidii. Kilichosaidia kwetu ni kiongozi wa timu kuwa wa kwanza kupeleka msimbo wake, kumpa aliye mdogo kuliko wote aupitie, na kumshukuru hadharani kwa kosa la kwanza alilolipata. Wiki ya tatu hakuna aliyehitaji kusukumwa.

Mabadiliko yawe madogo. Mtu akiletewa mistari 40 atauliza maswali 5. Akiletewa mistari 2,000 ataandika "safi sana" na kuendelea na chai yake. Sisi tuliweka kikomo cha mistari 300, na mpitiaji alitakiwa kujibu ndani ya nusu siku, kwa kuwa msimbo unaosubiri siku tatu humlazimisha mwenyewe kuanza kazi nyingine na kusahau alichokuwa anafikiria.

Kuhusu lugha, maoni yauelekee msimbo. "Hii mbaya, rudia" haimsaidii mtu. "Kaka, taarifa hii ikifika mara mbili kwa wakati mmoja, mstari huu utafanya nini?" humfanya mwenzako agundue mwenyewe, na heshima yake ikabaki. Maoni yasiyo ya lazima yaandikwe wazi kwamba ni pendekezo tu, ili mwandishi ajue lipi linazuia kuunganisha na lipi halizuii. Mabishano yakizidi majibu matatu, acheni kuandikiana. Vuteni viti mzungumze.

Hatua ya 6: Toeni matoleo madogo, na kila toleo liwe na njia ya kurudi

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital nchini Marekani ilianza kutumia toleo jipya ambalo lilikuwa limewekwa kwenye seva 7 kati ya 8. Seva ya nane ilibaki na msimbo wa zamani, na swichi iliyotumiwa kuwasha kipengele kipya ndiyo iliyokuwa ikiwasha msimbo ule uliokwisha kustaafishwa. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 440. Hakuna haja ya kuwa na hisa ili kosa hili liwafike. Seva mbili na mtu anayenakili mafaili kwa mkono vinatosha.

Kwa hiyo toleo lipelekwe kwa skripti moja, ileile kila mara, ambayo mwishoni inaiuliza kila seva inaendesha toleo gani. Msitumie tena swichi ya zamani kwa kazi mpya, na msimbo uliokufa ufutwe. Mabadiliko ya hifadhidata yagawanywe: kwanza ongezeni safu mpya, kisha hamisheni msimbo uitumie, na safu ya zamani iondolewe katika toleo la baadaye kabisa. Mkifanya yote kwa mpigo mmoja, toleo la awali halitarudishika.

Timu nyingi hupiga marufuku kutoa toleo siku ya Ijumaa. Mimi naichukulia marufuku hiyo kama dawa ya maumivu: inafaa mkiwa bado wagonjwa. Marufuku ninayoitetea ni ya msimu, kwa mfano wiki za Januari shule zinapofunguliwa na wazazi wote wanalipa kwa pamoja.

Hatua ya 7: Rejesheni nakala rudufu kila mwezi

Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, akiwa anashughulikia tatizo usiku, alifuta data kwenye seva kuu ya hifadhidata akidhani yuko kwenye nyingine. Walipogeukia njia zao za nakala rudufu, waligundua kwamba hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo, na wakaokolewa na nakala iliyochukuliwa saa 6 hivi kabla ya tukio. Nanyi pia mna nakala ambazo hamjawahi kuzifungua. Chagueni siku moja ya mwezi, mrejeshe nakala kwenye seva tupu, mhesabu rekodi, na mwandike ilichukua dakika ngapi. Mhandisi tofauti afanye kila mwezi.

Hatua ya 8: Baada ya tukio, kaeni bila kutafuta mchawi

Ndani ya siku 3 baada ya tukio, andaeni kikao cha dakika 45. Anzeni kwa kuandika mfuatano wa mambo kwa saa: taarifa ya kwanza ilifika lini, nani aliona nini, alifanya nini, na alikuwa na sababu gani ya kuamini kwamba alichofanya kilikuwa sahihi. Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani. Mwenzetu aliyeondoa ile mistari alikuwa na sababu nzuri: haikuwa na maelezo, haikuwa na jaribio, na ilionekana kama masalia. Tungemlaumu, angetuomba msamaha, nasi tungebaki na mfumo uleule.

Kikao kitoke na mambo yasiyozidi 2 ya kufanya, kila moja likiwa na jina la mtu na tarehe. "Tuwe waangalifu zaidi" lisikubaliwe kuwa jambo la kufanya.

Onyo: meneja akitumia maelezo ya kikao hiki hata mara moja katika kumkata mtu mshahara au kumnyima mkataba, kikao kinachofuata kitajaa ukimya, na hitilafu zitaanza kufichwa.

Hatua ya 9: Pimeni mambo mawili tu

La kwanza ni idadi ya hitilafu zilizogunduliwa na mteja ikilinganishwa na zile mlizozigundua wenyewe. La pili ni muda kutoka kuripotiwa hadi kurekebishwa. Yaangalieni kila mwezi, na msiyahesabu kwa kila mtu binafsi.

Mambo yanapokwama

*Bosi anasema hakuna muda wa majaribio.* Mpelekee orodha ya hatua ya 1 ikiwa na jumla ya saa zilizotumika kurekebisha, bila hotuba. Kisha omba zile saa 2 za wiki kwa mwezi mmoja, na umrudie na orodha mpya.

*Mfumo ni wa zamani na hauna jaribio hata moja.* Msijaribu kuufunika wote. Anzeni na njia ambayo fedha hupita, muandike majaribio yanayonakili tabia ya sasa jinsi ilivyo, hata mnayoishuku, kisha mwendelee na sehemu mnayoigusa wiki hiyo pekee.

*Majaribio yanafaulu kwa mmoja na kufeli kwa mwingine.* Angalieni majira ya saa ya kompyuta kwanza, kisha majaribio yanayotegemea kuendeshwa kwa mpangilio fulani, kisha hifadhidata moja inayochangiwa na watu wawili. Kwa uzoefu wangu, ni nadra kuvuka sababu hizi tatu.

*Umeme au intaneti hukatika mara kwa mara.* Hakikisheni majaribio yote yanaweza kuendeshwa kwenye kompyuta ya mhandisi bila mtandao, kwa kuweka kiigizo cha mtoa huduma ya malipo, yaani programu ndogo inayojibu kama yeye. Kiigizo hicho pia kitawawezesha kupima mambo ambayo mtoa huduma hatawafanyia kwa kuombwa, kama vile kuchelewesha jibu kwa sekunde 60.

*Mapitio yamegeuka mhuri, kila mtu anakubali kila kitu.* Punguzeni ukubwa wa mabadiliko kwanza. Isiposaidia, mpitiaji aandike sentensi moja inayoeleza alichojaribu kukivunja.

*Mhandisi mkongwe hataki kupitiwa.* Usimlazimishe kikaoni. Mwombe apitie msimbo wa wengine kwa wiki 2, na umtake ushauri kuhusu sehemu anayoijua yeye peke yake. Akikataa bado, mpangie kijana wa kufanya naye kazi kwenye kompyuta moja kila Jumanne. Mapitio yatakuwa yamefanyika msimbo ukiwa bado unaandikwa.

*Uko peke yako, huna timu.* Hatua ya 3, ya 4 na ya 7 hazihitaji mtu wa pili. Kwa mapitio, acha mabadiliko yako yalale usiku mmoja, na asubuhi uyasome kwenye ukurasa wa hazina ya msimbo, nje ya programu uliyoyaandikia.